Usilale Leo

Baba yake Dative alikuja studioni kwangu Jumatano, saa nne asubuhi, ili aone kwa macho yake nikiufuta wimbo. Dative mwenyewe alikuwa nyuma yake. Macho yake yalikuwa chini, kwenye mawe meusi ya uani, na hakuyainua hata nilipofungua mlango. Nilisema karibu mara mbili. Ya kwanza nilimwambia baba, ya pili nilimwambia yeye, na hiyo ya pili ilinitoka kwa shida.

"Karibu, muzee. Muikale."

"Sikukuya kuikala," alinijibu. "Nilikuya kuona."

Aliingia akasimama katikati ya chumba, akatazama kuta zangu zilizofunikwa kwa sponji za magodoro ya zamani, na dari yangu ya trei za mayai. Ni chumba kimoja tu hapa Katoyi, mjini Goma, chenye mikro moja ya kuchukulia sauti, kompyuta moja na betri ya sola inayoniheshimu siku inazotaka. Naitwa Kambere. Kazi yangu ni kuchukua sauti za watu na kuziwekea gitaa na ngoma chini yake, na kwa miaka saba nimekuwa nikijisifu kwamba nina masikio kuliko mtu yeyote wa mji huu. Nikisikiliza kwaya ya watu thelathini nakwambia nani ana mafua. Hayo ndiyo majivuno yangu, na ndiyo yaliyoniponza.

Baba yake anaitwa Nsanzimana, lakini mtaani kwao Murara hakuna anayemwita hivyo. Wote wanamwita Mwalimu, hadi padri wa parokia. Alifundisha darasa la kwanza huko Masisi miaka thelathini na mmoja, akiwashika watoto mikono mpaka penseli itii. Kastaafu, lakini biki nyekundu haijatoka mfukoni mwa koti lake. Matangazo ya mlango wa kanisa huyasahihisha kabla watu hawajayasoma. Baba yangu mdogo, Modeste, alipomwandikia barua kuomba siku ya kwenda kujitambulisha kwao, Mwalimu alikubali, ila barua aliirudisha. Tulikuwa tumeandika "murara" kwa herufi ndogo. Alikuwa amelizungushia neno lile duara jekundu, na pembeni ameandika kwa Kifaransa chake cha darasani: *majuscule*. Yaani herufi kubwa. Modeste alikasirika siku mbili. Mimi nilicheka, nikasema baba anayesahihisha barua ya posa angalau ameisoma.

Sasa baba huyo alikuwa amesimama mbele ya kompyuta yangu na mikono nyuma.

"Iko wapi?" aliniuliza.

Kabla sijawaambia nilichomjibu, lazima niwaambie wimbo wenyewe ulitoka wapi.

Dative alikuja kwangu mara ya kwanza miaka miwili iliyopita pamoja na kwaya ya parokia yao. Anaimba sauti ya pili, ile ambayo watu hawaisikii mpaka ikosekane. Wenzake walipoondoka alirudi kuchukua mwavuli aliousahau, na badala ya kumpa mwavuli nilimwekea kitu nilichotumiwa siku ile na binamu yangu wa Vitshumbi: wavuvi wanavuta wavu na kuimba, na katikati ya wimbo unamsikia mmoja wao akimfukuza marabu, yule ndege mkubwa, aliyekuja kuiba samaki, bila kupoteza mapigo. Dative alisikiliza akiwa amesimama, mwavuli mkononi.

"Rudilia tena," alisema. Nikarudia. Alisikiliza mara nne, halafu akasema, "Samedi nitakuletea yangu. Tutaona nani iko na masikio."

Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila Jumamosi kila mmoja analeta kitu kimoja ambacho masikio ya mwenzake hayajawahi kukutana nacho. Tuliviita maokoto, yaani vitu vya kuokota. Yeye aliniletea mzee wa Masisi anayepiga zeze la uzi mmoja huku akikohoa, na kikohozi chenyewe kinaingia kwenye mapigo. Aliniletea wasichana watatu wa Bukavu wanaoimba sauti tatu na kupigia bidoni la maji kama ngoma. Mimi nilimletea shangazi zangu wa Butembo wakitwanga muhogo na kuimba kwa Kinande, lugha ya kwetu. Halafu, bila mtu kupanga, tukaanza kuviunganisha. Bidoni la Bukavu tukaliweka chini ya wavuvi wa Vitshumbi. Rafiki yangu Magloire, aliyeko Butembo, akatutumia besi kwa simu. Dative akaimba juu yake. Tulipousikiliza wimbo wote mara ya kwanza tulicheka mpaka jirani yangu Habarurema, mchomelea vyuma, akaja kuuliza kama kuna mtu amepata viza.

Hatukuwahi kuuza hata wimbo mmoja kati ya nyimbo hizo. Ilikuwa furaha tu, na nimezeeka vya kutosha kujua kwamba furaha ya aina hiyo haiji kwa kila mtu. Nilimpenda Dative kati ya wimbo wa sita na wa saba. Siku hiyo alikuwa amevaa ekuta zangu, zile spika ndogo za masikioni, amefumba macho, na kidole chake kimoja kinapiga mezani, na nilijua kwamba nikimpoteza huyu sitasikia kitu vizuri tena.

Kisha ikaja Jumamosi aliyokuja mikono mitupu.

"Leo siko na kitu," alisema.

Lakini alipokuwa anapanga nyaya alikuwa anaimba kwa pua, polepole, wimbo mdogo wa kupanda na kushuka. Nilisimama.

"Hiyo ni nini?"

Aliutazama mlango muda mrefu. Nilidhani anasikiliza kama mvua inakuja.

"Ni Igihozo," alisema.

Kinyarwanda changu ni cha sokoni, lakini neno hilo nilikuwa nalo. *Igihozo* ni wimbo wa kumbembeleza mtoto. Niliandika neno hilo kwenye kompyuta kuwa jina la fungu jipya la sauti, nikamwambia akae kwenye mikro, tuchukue sauti sasa hivi kabla umeme haujabadilisha mawazo. Namna yangu ya kufanya kazi kila mwimbaji wangu anaijua: nafungua kurekodi kwanza, halafu natoka nje, naenda hadi ukutani kwa Habarurema nampigia mluzi apumzishe mashine yake, nabadilishana naye maneno mawili matatu, narudi, ndipo mtu anaanza kuimba. Ule mwanzo mtupu, wa viti na vikohozi, naukata bila kuusikiliza. Nimeukata mara elfu.

Ukawa wimbo wetu mzuri kuliko zote. Magloire alipotuma besi aliandika: "Kambere, leo sikupiga, nilisali." Kiitikio kilikuwa kifupi: *Sinzira, Igihozo, sinzira.* Lala, lala. Na mimi niliongeza sauti yangu chini ya ya Dative, kwa lafudhi yangu mbaya, nikijiona mtu.

Jumapili iliyopita tulikwenda Murara, mimi na baba mdogo Modeste, kujitambulisha. Dative alikuwa chumba cha ndani kama desturi, akingoja kuitwa. Mama yake, mama Pascasie, alitumiminia chai. Modeste alisema maneno mazuri, Mwalimu akayajibu kwa maneno mazuri zaidi, na mimi nikaona mambo yanakwenda. Nikaomba ruhusa kutoa zawadi. Nilikuwa nimebeba spika ndogo chini ya koti. Sikuwa nimemwambia Dative. Nilitaka asikie kutoka kule ndani na ajue kwamba nimemletea wazazi wake kitu kizuri tulicho nacho. Nikabonyeza.

Mama Pascasie aliiweka birika chini sakafuni, si mezani, akatoka nje bila viatu.

"Zima," Mwalimu alisema.

Nikazima.

"Nani alikupatia hii jina?"

"Jina gani, muzee?" Ndivyo nilivyouliza, mimi mwenye masikio. "Hii ni igihozo tu, ya watoto…"

"Igihozo ni mutoto wangu," alisema. "Tulimuzika. Quinze ans sasa, miaka kumi na tano."

Tuliondoka na chai nusu ikiwa bado kwenye vikombe. Njiani, tulipofika kwenye rondi-poa, ule mzunguko wa barabara, Modeste alisema tu, "Kambere, weye."

Kwetu Wanande jina linamngoja mtoto kabla hajazaliwa. Mimi ni Kambere kwa sababu nilikuwa wa kiume wa pili, basi. Hata ningezaliwa nalia au nacheka ningekuwa Kambere. Nimeishi Goma maisha yangu yote kati ya watu ambao majina yao ni maneno na maneno yao ni majina, na bado nilisikia nusu tu ya alichoniambia Dative.

Jumatatu alinipigia simu. Nilikuwa na hasira, na hasira ya mtu mwenye aibu ni mbaya.

"Juu ya nini haukuniambia?" nilimuuliza.

"Uliniuliza ni nini. Nilikujibu."

"Ulisema ni igihozo!"

"Njo jina yake, Kambere, jina ya mutoto wa kwetu. Ile jina sikuitamkaka tangu niko mutoto. Kwetu hakuna mutu anaitamka. Niliitamka mara moja, mbele yako, nikaona umeandika na umetabasamu. Nilifikiri umeelewa ni mutu. Kisha nikaona haukuelewa, na nguvu ya kurudilia sikukuwa nayo."

"Ungenizuia hata ile siku ya Mungu, Jumapili, tulikuya kwenu."

"Nilikuwa mu chumba! Nilisikia sauti yangu inatoka ku salon, nikasikia na mama anatoka. Nilikuwa nimeshika kitasa ya mulango na mukono inakataa kuvuta."

Nilisikia anavuta pumzi, na nilitamani kuwa karibu na pumzi hiyo.

"Papa anasema nini?" niliuliza.

"Anasema ile wimbo ifutwe, na yeye aone. Ikifutwa, atafikiri kama munaweza kurudi. Isipofutwa, hakuna Kambere, hakuna kwenu, imeisha."

"Basi nitaifuta. Wimbo ni wimbo, Dative. Weye ni weye."

Nilidhani nimesema jambo tamu la mapenzi.

"Alikuwa na miaka quatre, mine tu," alisema mwishoni. "Hana hata picha. Iko ile wimbo tu."

Akakata.

Kwa hiyo Jumatano ile, Mwalimu aliponiuliza wimbo uko wapi, nilikuwa najua ninachotakiwa kufanya na najua kitamgharimu nani. Mvua ilianza wakati huohuo, ile ya Goma isiyosalimia, ikapiga bati mpaka tukalazimika kupaza sauti. Mwalimu alitazama dari, akaona hawezi kuondoka upesi, akakaa kwenye kiti cha waimbaji. Dative alibaki mlangoni, mgongo kwenye sponji.

"Iko hapa, muzee." Nilimwonyesha.

"Futa."

Nilimtazama Dative.

"Usimuangalie yeye," Mwalimu alisema. "Angalia mashini."

Nikaufuta. Gitaa langu, bidoni, besi ya Magloire, sauti yangu chini ya sauti yake, miezi mitatu ya Jumamosi, vyote vilitoweka kwa vidole viwili. Nikamwonyesha na kile kikapu cha taka cha kompyuta, nikakimwaga mbele yake.

"Imeisha?"

Ningeweza kusema ndiyo. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi, na mvua ingenisaidia kudanganya. Lakini nilitaka kumwoa binti ya mtu huyu, na sikutaka kuanza kwa kumficha kitu chini ya kitanda.

"Haiyaisha, muzee. Ile ilikuwa wimbo yenye kutengenezwa. Kunabaki sauti ya Dative peke, vile aliimba siku ya kwanza. Nikiwa na ile, naweza tengeneza yote tena."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili alinitazama kama mtu.

"Asante kwa kusema," alisema. "Futa na ile."

"Papa," alisema Dative.

Ndilo neno lake la kwanza siku hiyo. Mwalimu hakugeuka.

"Papa, ile wacha. Ni sauti yangu."

"Na wimbo ni yangu," alisema. "Nilimutungia siku alizaliwa. Nilitembea na muguu toka kazi mpaka nyumba nikiitunga. Ni yangu, na miye ninasema iishe."

Sikujua hilo. Dative naye, nilimwona usoni, hakujua. Mvua iliendelea. Nilifungua lile fungu, na ndani yake kulikuwa na sauti nne ambazo kompyuta imezipa namba tu.

"Ni gani?" aliuliza Mwalimu.

"Ya kwanza, nafikiri."

"Unafikiri? Hauwezi futa kitu kwa kufikiri. Fungua nisikie."

Nikaifungua tangu mwanzo, kwa sababu sikuwa na haraka ya kufika mwisho. Spika zilitoa kwanza mlango wangu unafungwa. Halafu viatu vyangu nje, halafu mluzi wangu kwa mbali, halafu mashine ya Habarurema inazimika. Nilikuwa nanyosha mkono niruke hadi pale wimbo unapoanza, kama ninavyofanya siku zote, na hapo sauti ya Dative ikasema, karibu sana na mikro:

"Igihozo."

"Kata!" alipiga kelele Dative kutoka mlangoni. "Kambere, kata hiyo!"

Mwalimu aliinua mkono wake. "Wacha."

Ile sauti ya Dative ilikuwa inaongea Kinyarwanda, polepole, kwa maneno mafupi ambayo mtu humwambia mtoto wa miaka minne, na kwa hiyo hata mimi wa sokoni niliyaelewa yote.

"Igihozo, ni mimi, Dative. Siku ile nilikuimbia ukalala, na nilifurahi kwamba umelala. Nilikwenda kuosha vyombo. Sikukugusa. Ningekugusa ningejua una moto kiasi gani, ningemwita jirani. Papa aliporudi alisema hakuna mtu wa kuimba tena wimbo huu nyumbani, na alikuwa ananitazama mimi. Ana haki. Lakini kuna mtu hapa ananiuliza kila Jumamosi nimemletea nini, na mimi sina kitu kizuri kuliko wewe. Unisamehe. Leo usilale. Leo sikiliza tu."

Kisha mlango. Kisha sauti yangu, changamfu, ya mtu asiyejua anaingia wapi: "Tayari?"

Nikasimamisha hapo. Niliichukia sauti hiyo kuliko sauti yoyote niliyowahi kurekodi. Miezi mitatu nilikuwa na maneno hayo ndani ya chumba hiki, mita moja kutoka kiti changu, na nilikuwa nimeyakata bila kuyasikiliza kwa sababu yalikuwa kabla ya wimbo.

Dative alikuwa ameketi chini palepale mlangoni, uso kwenye magoti. Nilitaka kwenda kwake. Nilikuwa nimeshasimama nusu nilipomwona baba yake amegeuka, na nikaelewa kwamba zamu haikuwa yangu. Nikakaa.

"Dative," alisema Mwalimu. "Nilikuwa ninakuangalia weye?"

Aliitikia kwa kichwa bila kuinua uso.

"Siku ile? Wakati nilikataza wimbo?"

"Ndiyo, papa. Ulisimama ku mulango, ukasema, na macho yako haikutoka kwangu."

"Ni kweli," alisema. Alivua miwani, akaishika tu. "Nilikuangalia. Nilikuwa ninakuangalia sababu weye njo mutoto alibaki."

Dative aliinua uso.

Mwalimu alisogeza kiti karibu naye, kile kiti changu chenye mguu mmoja mfupi, kikalia sakafuni. Alikuwa anatafuta maneno, yeye ambaye maneno ya wengine huyapata makosa bila kutafuta.

"Sikiliza," alisema. "Ile asubuhi, kabla mama yako aende soko, alinipigia simu ku masomo kule Masisi. Alisema: mutoto iko na moto, nimupeleke ku hopitali? Niliuliza: analia? Akasema: hapana, ametulia. Nikasema: basi mumupatie dawa, mungojee, nitafika kesho. Ni miye nilisema mungojee. Unasikia? Haiko weye. Haiko mama yako. Ni miye. Ile wimbo, kila mara nilikuwa ninaisikia mu kichwa, nilikuwa ninasikia na ile neno. Mungojee. Njo maana niliikataza. Haikukuwa azabu yako. Nilikuwa ninajificha."

"Mama anajua?"

"Anajua. Ni yeye nilimwambia. Miaka quinze, hajanisemea kwa mutu hata siku moja."

"Papa, miye nilifikiri…"

"Ulikuwa na miaka onze, kumi na moja tu! Mutoto wa miaka onze anaosha vyombo, njo kazi yake. Nani alikubebesha hii muzigo?"

"Hakuna mutu," alisema Dative. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kelele. "Hakuna mutu alisema kitu."

Mwalimu alitikisa kichwa mara nyingi, polepole.

"Njo vile," alisema. "Hakuna mutu alisema kitu."

Aliweka mkono juu ya kichwa cha binti yake, kwa uzito, na mkono ukabaki pale. Mimi nilitazama nyaya zangu. Mvua ilipunguka kidogo kidogo hadi nikaanza kusikia maji yakishuka kutoka batini, na upande wa pili wa ukuta Habarurema anaburuta vyuma vyake kurudisha nje.

"Kambere," aliniita Mwalimu. Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina.

"Ndiyo, muzee."

"Ile nilifutisha, inaweza kurudi?"

"Ile yenyewe hapana. Lakini besi Magloire iko nayo, miye niko na mikono, na sauti iko hapa. Tutatengeneza tena."

"Unaimba vibaya mu Kinyarwanda."

"Ninajua, muzee."

"Unasema sinzira kama vile unamufukuza mbuzi. Nitakufundisha." Alivaa miwani. "Siku ya Mungu mutakuya, na Modeste wako. Mbele ya kunywa chai, mama yake atasikia. Anaanza na ile ya mwanzo, ile maneno. Nitakuwa karibu yake. Kisha yeye njo atasema kama wimbo inabaki ao haibaki, na kama weye unabaki ao haubaki. Haiko miye tena."

"Sawa, muzee."

"Na ule mwanzo, usikate."

"Sitakata."

Dative alisimama, akajifuta uso kwa kitambaa cha kichwani, akaja akasimama kati ya kiti changu na cha baba yake. Alinitazama, mara ya kwanza siku hiyo. Hakutabasamu, na mimi sikutabasamu. Lakini mkono wake ulishuka ukashika mgongo wa kiti changu, karibu na bega langu, na haukutoka.

Mwalimu alikuwa ameinamia skrini. Aliisogelea, akarudi nyuma, akaisogelea tena. Nilimwona anapeleka mkono mfukoni mwa koti na kutoa biki nyekundu, akakitazama kioo, akaona hakiandikiki, akabaki nayo mkononi.

"Nani aliandika hii?" aliuliza.

Alikuwa ananionyesha jina la lile fungu, lile nililoliandika Jumamosi ile nikidhani nimeelewa: *igihozo*.

"Ni miye, muzee."

"Majuscule," alisema.

Nilifuta herufi ya kwanza, nikaandika kubwa. Alingoja mpaka nimalize, akahakikisha, kisha akamgeukia Dative na kuonyesha neno kwa ncha ya biki, kama alivyowaonyesha watoto wa watu miaka thelathini na mmoja.

"Soma."

Dative alilitazama neno. Alikaza mkono wake kwenye kiti changu.

"Igihozo," alisoma.

"Tena," alisema baba yake.

"Igihozo."

"Tena."